Hukumu iliyodumu siku nne

Kila nikisikia mtu anasema mahakama za bongo hazina meno huwa nacheka kidogo, maana ukifuatilia vizuri meno zinayo na zinauma kabisa, ila siasa nayo inajua kusubiri. Na sisi wa Dodoma tunaiona hii kwa karibu kuliko mtu wa Dar, manake Bunge liko hapa, Mahakama Kuu ipo, Tume ya Uchaguzi ipo pale Njedengwa, yaani mtu anaweza kushinda kesi asubuhi na kabla ya mchana kwisha akawa amefika kwenye geti la waliomkatalia.

Chukua ishu ya Mpina. Luhaga Mpina, mbunge wa zamani wa Kisesa na waziri wa mifugo na uvuvi enzi za Magufuli (ndo wizara yake ile ambayo mwaka 2018 maofisa wake waliingia mpaka kantini ya Bunge na rula kupima samaki, Spika Ndugai akawaka kwelikweli). Agosti 2025 akaihama CCM kwenda ACT-Wazalendo, wakampitisha kugombea urais. Tarehe 26 Agosti Msajili wa Vyama akatengua uteuzi wake kwa maelezo kwamba taratibu za chama hazikufuatwa, kesho yake ndo ilikuwa siku ya kurudisha fomu, Tume ikagoma kumpokea. Chama kikakimbilia Mahakama Kuu hapahapa Dodoma, wakakaa majaji watatu, na Septemba 11 wakasema Tume imekosea, mtu apokelewe fomu zake mchakato uendelee kuanzia pale ulipokatikia.

Siku ile nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo, jamaa mmoja anasoma hukumu kwenye simu kwa sauti, anaruka yale maneno ya Kiingereza, wengine wamesahau hata vikombe mkononi. Dereva wa boda akauliza swali moja tu, kwa hiyo jina lake linaingia kwenye karatasi ya kura au haliingii? Mzee mmoja ambaye muda wote alikuwa anatafuna kashata zake kimya akamwambia, "Kijana wangu tulia, bado pingamizi."

Na kweli bwana. Septemba 13 Tume ikapokea fomu, Septemba 15 ikamwondoa tena baada ya kukubali pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku nne tangu majaji wasome hukumu. Kisheria hakuna aliyekaidi amri hapo, mahakama ilisema apokelewe na kweli alipokelewa! Ndo maana nasema siasa za hapa zina akili nyingi kuliko tunavyozipa, hazigombani na jaji, zinatii halafu zinapitia mlango wa pili.

ACT wakarudi mahakamani, na Oktoba 15, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 29, Mahakama Kuu ikatupa kesi ikisema mikono yake imefungwa na Ibara ya 74(12) ya Katiba. Siku ile majaji walitukanwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp na mimi sikujiunga na hiyo kwaya, kwa sababu nadhani wengi walitukana bila kusoma hiyo ibara yenyewe. Inasema hivi: "Hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza jambo lolote lililotendwa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza madaraka yake kulingana na masharti ya Katiba hii." Sasa funua kurasa za mbele kidogo uende 107A, unakuta Mahakama ndo yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki katika Jamhuri ya Muungano. Kitabu kimoja, huku unaambiwa wewe ndo wa mwisho, kule unaambiwa hapa usiguse.

Mimi si mwanasheria lakini kusoma najua, na naona pale mwishoni pana upenyo, hicho kifungu kinailinda Tume ikifanya mambo kulingana na Katiba, sasa ni nani atajua kama ilifanya kulingana na Katiba bila kuchunguza kwanza? Majaji wa Septemba walichunguza. Wa Oktoba wakasema hatuna mamlaka. Mahakama ileile, mgombea yuleyule, Katiba haijabadilika hata nukta, katikati hapo mwezi mmoja tu. Hili lingestahili kwenda Mahakama ya Rufani likasemwe mara moja likaisha, ila wiki mbili kabla ya kura rufaa inakusaidia nini?

Na hapa ndo kwenye hoja yangu. Kwenye kesi za siasa sisi tunahangaika na nani kashinda nani kashindwa, wakati kinachoamua ni kalenda. Kesi ya shamba ukishinda baada ya miaka sita shamba bado lipo. Kesi ya uchaguzi ukishinda baada ya uchaguzi umeshinda karatasi.

Angalia wale wabunge 19 wa viti maalumu, akina Halima Mdee. Waliapishwa hapa Dodoma Novemba 24, 2020, siku tatu baadaye chama chao CHADEMA kikawafukuza uanachama kwa kuapa bila idhini yake, wakakata rufaa ndani ya chama, Baraza Kuu likaitupa Mei 2022, wakaenda Mahakama Kuu. Spika Tulia akasema suala liko mahakamani tusubiri, wakabaki bungeni. Desemba 2023 hukumu ikatoka, mahakama ikafuta uamuzi wa Baraza Kuu kwa sababu za haki asili, yaani waliowafukuza hawakutakiwa kukaa tena kusikiliza rufaa ya hao hao waliofukuzwa. Ukiniuliza mimi hoja hiyo ilikuwa na mashiko, hata kama ulikuwa unawachukia Covid-19 (jina la mtaani la hao 19, halikunoga ila lilishika). Lakini angalia tarehe. Wakati mawakili wanabishana posho zinatembea, vikao vinaenda, na mpaka Bunge linavunjwa 2025 walikuwa wamemaliza muhula mzima. Hapo siasa haikuhitaji kushinda kesi hata kidogo, ilihitaji kesi iwepo tu.

Halafu geuza upande wa pili. Juni 10, 2025 Mahakama Kuu Dar ilitoa zuio la muda kwa CHADEMA isifanye shughuli za kisiasa wala kutumia mali za chama mpaka kesi ya msingi iishe, kesi ambayo ilikuwa ya mgawanyo wa rasilimali kati ya Bara na Zanzibar. Mgawanyo wa rasilimali! Mimi naelewa kwamba kuna watu walikuwa na malalamiko ya haki kabisa, kwamba Zanzibar hawapati stahiki zao, hilo lisikilizwe. Ila chama kikuu cha upinzani kufungwa mdomo miezi minne kabla ya uchaguzi kwa sababu ya ugomvi wa mgao, hapo nashindwa. Kwa wanasheria zuio la muda ni la muda kweli, kwenye siasa zuio la muda ndo hukumu yenyewe, hiyo nyingine itakayokuja baadaye ni historia.

Na mwenyekiti wao Lissu, wa hapo kwa majirani zetu Singida, alikamatwa Aprili 2025 akashtakiwa kwa uhaini, na uhaini hauna dhamana, kwa hiyo uchaguzi ulipita yuko gerezani huku anajitetea mwenyewe. Hata angekuwa nje asingekuwepo kwenye karatasi ya kura kwa maana chama kilishagoma kusaini maadili ya uchaguzi kikazuiwa kushiriki, lakini kalenda ni ileile.

Wanaodhani haya yalianza juzi warudi 1994. Hapahapa Dodoma, Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi akidai mtu aruhusiwe kugombea bila chama, na mikutano ya siasa isihitaji kibali cha polisi. Jaji Kahwa Lugakingira akakubaliana naye kwenye yote mawili Oktoba 24, 1994. Vyama vingi vilikuwa vina miaka miwili tu! Serikali ikafanya nini, kabla ya mwaka kuisha ikapitisha bungeni marekebisho ya kumi na moja ya Katiba na mgombea huru akafia hapo. Mtikila hakuchoka, akarudi, 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena ushindi, 2010 Rufani ikatengua ikisema hilo ni jambo la kisiasa waachiwe Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha akashinda Juni 2013. Akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, uchaguzi wa mwaka ule ukiwa umebakiza wiki tatu, na mgombea huru hakuwepo kwenye karatasi. Mpaka leo hayupo. Na 2019 serikali ikaondoa ile ruhusa ya mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako nchini kwetu wenyewe.

Kuhusu kibali cha polisi, sheria ilibadilishwa ikawa ni kutoa taarifa saa 48 kabla, ushindi ule ulibaki kwenye vitabu. Kisha 2016 likaja katazo la mikutano ya hadhara, bila sheria yoyote mpya, likakaa mpaka Januari 2023 Rais Samia alipoliondoa. Linaondolewa tunapiga makofi, haki ambayo jaji alishaitolea hukumu Dodoma kabla wengine humu hatujaanza shule.

Kuna na ile ya Rebeca Gyumi ya umri wa ndoa, nitaigusa tu. Serikali ilishindwa Mahakama Kuu 2016, ikashindwa Rufani Oktoba 2019, ikapewa mwaka mmoja irekebishe Sheria ya Ndoa ya 1971 ambayo inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mwaka ukapita ukaja mwingine na mwingine. Hapo hakuna upinzani wala CCM, ni wanasiasa kuogopa wapiga kura na viongozi wa dini basi.

Sasa turudi kwenye kinachoweza kufanyika, maana kulalamika tu hakusaidii. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ya 2013 ilikuwa na mgombea huru na ilikuwa inaruhusu matokeo ya urais kupingwa Mahakama ya Juu, Bunge Maalumu likakaa hapa mji huu 2014 tukawauzia maji na korosho miezi kibao, na mpaka leo tunatumia Katiba ya 1977. Wenzetu Kenya mtu ana siku 7 za kufungua kesi ya urais na mahakama ina siku 14 za kuimaliza, na 2017 matokeo yalifutwa kweli, wakarudia. Mimi hata nikiambiwa nichague kitu kimoja tu mchakato wa katiba ukirudi, sitaanza na madaraka ya rais wala serikali tatu, nitataka 74(12) iondoke pamoja na 41(7) inayozuia mahakama kuhoji kuchaguliwa kwa rais akishatangazwa, na kesi za uteuzi wa wagombea ziwekewe siku maalumu za kuisha, rufaa humohumo.

Najua jibu litakalokuja, kwamba nchi itavurugika kila mtu akikimbilia mahakamani. Mbona kesi za ubunge zinasikilizwa miaka yote? Godbless Lema wa Arusha alivuliwa ubunge na Mahakama Kuu Aprili 2012, Desemba mwaka huohuo Rufani ikamrudishia, watu wakaendelea na biashara zao. Jaji anayeaminiwa kuamua nani ni mbunge wa Arusha Mjini, mimi sijaona bado sababu ya kumkataza asiulize kwa nini jina fulani halipo kwenye karatasi ya urais.