Swali la dagaa nililokuja nalo Wisconsin

Zamu yangu ya usiku inaisha saa moja asubuhi. Mwili ukiwa bado una nguvu sipandi basi, natembea kando ya Ziwa Mendota hapa Madison, mji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, hadi nyumbani. Njia hiyo imepewa jina la mtu, Howard Temin. Nilipita hapo karibu miaka miwili nikidhani alikuwa meya, au tajiri aliyetoa ardhi. Siku nilipomsoma nilisimama kwenye baridi nikamfikiria mama yangu mdogo aliyeko Mwanza, kwa sababu kidonge anachomeza kila usiku kinapambana na kitu ambacho Temin alisema kipo wakati wenzake wakisema hakiwezekani.

Nieleze kidogo. Miaka ya 1960 wanasayansi waliamini kwamba habari za urithi ndani ya seli zinakwenda upande mmoja tu: kutoka DNA, zinakohifadhiwa, kwenda RNA, ambayo ni kama nakala yake, kisha kwenye protini zinazofanya kazi za seli. Temin, aliyefika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1960, alikuwa akichunguza virusi vinavyowapa kuku saratani. Virusi hivyo vina RNA tu, lakini seli vikishaiingia hubadilika kwa kudumu, na hata ikigawanyika, watoto wake huzaliwa na mabadiliko yaleyale. Mwaka 1964 akasema basi lazima virusi hivi vinajiandika kwenye DNA ya seli, yaani habari zinarudi kinyume. Karibu kila mtu alimkatalia. Ilichukua miaka sita, hadi 1970, yeye na Satoshi Mizutani, mtafiti kijana aliyetoka Japani, walipokipata kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, kinachofanya kazi hiyo. David Baltimore naye alikipata kwa njia yake kule MIT, chuo kingine cha Marekani, wakati uleule, na mwaka 1975 Temin na Baltimore wakawa miongoni mwa watu watatu walioshiriki tuzo ya Nobel.

Virusi vya UKIMWI vinatumia kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuhadithiwa ugonjwa huu, wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kila ukoo una makaburi yake. Tenofoviri na lamivudini, dawa zilizomo kwenye kidonge cha mama mdogo, kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho kisiandike. Mwaka huu ametimiza miaka sitini na anauza mboga sokoni.

Sasa watu wa nyumbani wakinipigia simu huniambia, "Huko kwa wenzetu mtu akiwa na wazo jipya anabebwa." Si kweli. Temin hakubebwa. Ila waliomkatalia walimwambia tuoneshe ushahidi, na miaka yote sita aliendelea kuwa na maabara, wanafunzi na mshahara. Kukataliwa na kunyamazishwa ni vitu viwili, na mimi nililelewa nikidhani ni kitu kimoja.

Nilikuwa kidato cha pili. Wajomba zangu ni wavuvi wa dagaa, wanatoka na karabai usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wanakaa nyumbani wakishona nyavu. Nikamuuliza mwalimu wa baiolojia: kama dagaa wanafuata mwanga, mbona mwezi ukiwaka hawapatikani? Mwalimu akaniuliza kama nataka kufundisha mimi. Nikapigishwa magoti mlangoni hadi kengele ilipolia, na tangu siku hiyo darasa zima likaniita Karabai. Sikuuliza swali lingine shuleni hapo. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Tungeweza kwenda mwaloni na daftari, tukahesabu ndoo za dagaa kila siku kwa mwezi mzima, tukaandika hali ya mwezi pembeni. Hapa Madison wanaandika tarehe Ziwa Mendota linapoganda na linapoyeyuka tangu miaka ya 1850. Ni barafu tu, lakini kwa daftari lile leo wanaona jinsi majira ya baridi yanavyozidi kuwa mafupi.

Kila nikikumbuka magoti yale namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba wao huweka ya moto ili igande haraka. Hebu fikirini: muuza aiskrimu anajua, shule haijui, na anayechekwa ni mwanafunzi! Alipolirudia swali akiwa Mkwawa, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kutoa mhadhara, Mpemba akauliza tena, wanafunzi wakacheka tena. Osborne aliporudi chuoni akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilipima na kusema hawakuona uthibitisho. Kwangu hiyo ni heshima kubwa, swali la mwanafunzi wetu kupimwa na kupingwa kwa vipimo zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Wala tusiseme nyumbani hatujui kupingana kwa hoja. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo walimjia juu, lakini walimsoma, na mabishano yale yaliikuza fasihi yetu. Yeye pia alikuja kusoma hapahapa Madison, akapata udaktari mwaka 1985, miaka ambayo Temin naye alikuwa akifundisha chuoni hapo. Huwa napenda kumwaza mtu wa Ukerewe akitazama ziwa lililoganda.

Na kuna kitu ambacho hapa hakipo. Nimefanya kazi na mwenzangu mmoja miaka minne na sijui jina la mtoto wake. Swali hapa linataka miadi. Kijiwe cha Kirumba, ambapo fundi viatu, mvuvi na mwalimu mstaafu wanabishana bure tangu asubuhi, sijakiona Marekani nzima, na nakikosa kuliko chakula. Kijiwe kile kikipata daftari na mtu mmoja wa kusema "haya, tukajaribu," sioni tutamwonea nani wivu.

Mwezi uliopita nilimhadithia mpwa wangu habari za Mpemba. Ana miaka kumi na mitatu, na mama yake anauza barafu za ubuyu. Jumapili akanitumia picha ya ukurasa wa daftari: bakuli mbili, maji kiasi kilekile, saa aliyoweka, saa yalipoganda. Mara tatu ya baridi yametangulia, mara moja ya moto. Chini ameandika, "Mjomba, ile ya moto niliiweka karibu na ukuta wa friji, sijui kama ni haki." Mama yake analalamika friji inafunguliwa ovyo na Luku inaisha. Nimemtumia hela ya umeme, nikamwambia mtoto arudie, safari hii bakuli zote mbili zikae katikati.