Mabati yanatetemeka, noti iko wapi?

Mwaka juzi kamati ya vyombo ya kanisani kwetu, huku Nkuhungu, Dodoma, iliniita ofisini. Zilikuwa zimechangwa fedha za kununua gitaa jipya la besi na vyombo vyake, na mimi ndiye mpiga besi wa kwaya kwa miaka kumi na mmoja sasa. Mwenyekiti, mzee wetu wa kanisa, alinitazama kwa juu ya miwani. "Mwanangu, sisi tunataka besi ya kutikisa kifua. Ile ya kwaya ya jirani ikipigwa, hadi mabati yanaitikia."

Nikasema, "Sawa mzee." Ungejibu nini? Fedha zikaenda Kariakoo mikononi mwa mtu mwingine, zikarudi na gitaa jekundu la nyuzi sita linalong'aa kama pikipiki mpya, pamoja na sabufa kubwa kama friji.

Jumapili ya kwanza mabati yaliitikia kweli. Na vioo vya madirisha. Baada ya ibada dada mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kama nilikuwa napiga wimbo uleule waliokuwa wanaimba wao. Hakuwa ananitania, alikuwa anauliza.

Nimezunguka na kwaya sehemu nyingi, Chang'ombe, Ipagala, Mvumi, hadi Manyoni, na ugonjwa ni huohuo. Tunanunua mtetemo, noti, yaani ule mlio wa wimbo wenyewe, tunaisahau dukani.

Uzi mnene wa gitaa la kawaida la besi, ule wa E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa mita nane na ushee. Sasa liachie kwenye majengo yetu: kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, bati juu, dari bado inachangiwa. Linagonga ukuta na kurudi, linakutana na mwenzake njiani. Kwenye kona yanajazana, na sehemu nyingine yanamezana mpaka hakuna kitu. Ndiyo maana kina mama wa benchi la pembeni kule nyuma wanashika vichwa, wakati mchungaji aliyesimama katikati anamwonyesha fundi mitambo kidole cha juu: ongeza besi. Fundi anaongeza. Kina mama wanahama benchi.

Na sikio haliitambui noti ya chini kwa ule mtetemo wa chini peke yake. Uzi ukipigwa hutoa na sauti nyingine juu yake, zenye mtetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa kwanza, na ubongo huzitumia hizo kujua noti ni ipi hata kama ule wa chini kabisa haukufika. Chukua simu yako, cheza wimbo wowote wa sebene. Kile kispika hakiwezi kutoa mitetemo 41 hata ukikifungia kwa maombi, lakini mstari wa besi unaufuata vizuri tu.

Wazee wa Kigogo walilijua hili kabla ya umeme kufika. Itazame ilimba: vyuma vya urefu tofauti juu ya boksi la mbao, na penye tundu la boksi hubandikwa utando wa buibui ili sauti itoke na mkwaruzo kidogo. Mgeni anaweza kudhani chombo ni kibovu, kumbe ule mkwaruzo ndio unaoongeza zile sauti za juu, na vyuma virefu vya chini vinasikika hadi kwa aliyekaa mbali. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, uniambie kama kuna noti ya chini iliyokupotea. Hapo hakuna sabufa wala amplifaya.

Kwa hiyo ukiniomba ushauri wa gitaa, nitakupeleka kwenye lile la kizamani kabisa, la nyuzi nne, lenye umbo la Precision Bass. Mtengenezaji wake, Bwana Leo Fender, alipolitoa kule California mwaka 1951, shida aliyotaka kuitatua ni hii yetu. Besi kubwa ya kusimama ilikuwa inamezwa na vyombo vingine, na shingo yake haikuwa na freti, vile vyuma vinavyoikatiza shingo, kwa hiyo kidole kikikosea kidogo noti inakuwa nyingine. Freti ndizo zilizolipa gitaa hilo jina lake, Precision, yaani usahihi. Mwaka 1957 likapata pikapu iliyokatwa vipande viwili, na vipande hivyo hufuta mvumo wa umeme vyenyewe kwa vyenyewe. (Pikapu ninayosema ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, si gari la kubebea mahindi kutoka Kibaigwa.) Kitasa kimoja cha sauti, kimoja cha wembamba wa sauti, basi. Katikati ya sauti yake kuna ule mkwaruzo wa ilimba, ndiyo maana linapenya. Si lazima ununue Fender yenyewe. Squier, chapa ya Fender hiyohiyo, wanatoa kwa bei ya chini, na Yamaha na Ibanez wana ya kwao yanayofaa mwanafunzi na mkongwe.

Jazz Bass iliyotoka mwaka 1960 nayo naiheshimu. Shingo yake ni nyembamba kule juu, mikono midogo inaipenda, na wasichana wawili ninaowafundisha wamekataa kabisa kurudi kwenye Precision. Ila pikapu zake mbili zikiwa za koili (huo mzunguko wa waya) moja moja, ukipunguza sauti ya moja ile nyingine inaanza kuvuma, hasa penye taa za mirija na umeme usio na ethi, ule waya wa kwenda ardhini.

Hapo kwenye ethi nisimame kidogo, maana Dodoma ina yake. Udongo wetu ukikauka, kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, ile nondo ya ethi iliyozikwa nyuma ya kanisa haishikani na ardhi vizuri. Fundi mmoja mtu mzima alinifundisha kumwagia maji pale ilipozikwa, na tangu hapo kiangazi mtoto wa shule ya Jumapili ana kazi ya ndoo moja kila Jumamosi jioni. Mvumo ulipungua. Wengine hukata waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usithubutu. Nimewahi kushika nyuzi huku mdomo ukigusa maiki, nikapigwa shoti iliyonifanya niruke mstari mzima wa pambio. Waumini walidhani ni upako.

Nyuzi tano? Nakuruhusu kwa sababu moja, mpiga kinanda wako. Wengi wetu tunawajua: amezoea kupiga kwenye ufunguo wa F, akiambiwa wimbo umekuwa juu kwa waimbaji anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, anaendelea kutabasamu. Wewe mwenye gitaa huna kitufe. Wimbo umeangukia D au C, na noti yako ya chini kabisa ni E. Uzi wa tano, B yenye mitetemo 31 hivi, unakuokoa hapo. Lakini spika ndogo haiwezi kuutoa uzi huo ukaeleweka, utasikia tope tu. Na uzi wa sita kwenye kwaya sijauona kazi yake bado.

Tukiwa hapohapo kwa mpiga kinanda: mkono wake wa kushoto. Kabla kamati haijatoa hata shilingi, mwombeni aunyanyue. Akipiga besi kwa kushoto wakati nawe unapiga yako, hakuna chombo cha bei yoyote kitakachowatenganisha. Mimi na wetu tulinuniana karibu mwezi, kisha akakubali kuanzia C ya katikati kwenda juu. Jumapili ile mwalimu wa kwaya aliuliza tumenunua nini kipya.

Magitaa yenye saketi ya betri ni matamu, yana vitasa vya kurekebisha besi na treble palepale kwenye gitaa. Ila ujue tabia yake: ukichomeka kebo tu, betri inaanza kuliwa, hata kama hupigi. Niliacha kebo imechomekwa tangu mazoezi ya Jumatano hadi mkesha wa Ijumaa. Katikati ya kuabudu, taa zimepunguzwa, watu wamefumba macho, gitaa likaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua, kisha likazidi kufifia. Betri ya mraba ya volti 9 utaipata wapi saa nane usiku? Tuliitoa kwenye maiki ya akiba ya mchungaji. Hakuigundua hadi leo, na kama anasoma hapa, baba mchungaji, nisamehe.

Haya, amplifaya. Watu wananunua wati. Wati 200 badala ya 100 zinakuongezea desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia ukiitafuta. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kampuni ya Ampeg walipotoa amplifaya yao ya SVT mwaka 1969, wati 300 na boksi la spika nane za inchi kumi, lengo lilikuwa majukwaa makubwa, siyo ukumbi wa watu mia mbili. Kwa ukumbi kama wetu wenye dramu, amplifaya ya besi ya wati 100 hivi yenye spika ya inchi 12 inatosha, kwa sharti moja: iwe ya kujisikilizia wewe mpigaji. Waumini waisikie besi kupitia spika za kanisa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua baada ya gitaa ni kile kiboksi kidogo cha DI. Gitaa linaingia humo, upande mmoja inatoka kebo ya kwenda kwenye amplifaya yako, upande mwingine kebo ya maiki inakwenda hadi kwenye mikisa ya fundi mitambo bila kuokota mvumo njiani. Vingi vina na swichi ya kutenganisha ethi ya vyombo viwili vinavyovumishana, na hiyo ndiyo njia salama ya kufanya kile ambacho wengine wanakifanya kwa kukata waya wa plagi.

Kisha nyanyua amplifaya juu ya kiti. Ikiwa sakafuni inapigia visigino, na visigino havina masikio. Hujisikii, unaongeza, kwaya inazama. Siku niliyoiweka kwenye stuli na kuielekeza kichwani kwangu, nilipunguza sauti karibu nusu. Kwa fundi mitambo nina maombi matatu tu: akate vyote vilivyo chini ya mitetemo 40 kwa sekunde, apunguze kidogo pale kwenye 200 hadi 250 panapofanya jengo lote livume, na apandishe kidogo kwenye 700 au 800. Hapo ndipo noti inapokaa.

Ukinunua mtumba, geuza amplifaya usome nyuma kabla hujaichomeka. Ndugu wa mwanakwaya mmoja alituletea moja nzuri kutoka Marekani, imeandikwa volti 120. Hakuna aliyesoma. Kwenye umeme wetu wa 230 iliwaka sekunde chache, na harufu yake ilikaa kanisani hadi maombi ya katikati ya juma. Na usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo ukaikaza, utachana spika. Ya kinanda inavumilia.

Mikutano ya nje ni habari nyingine. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, upepo wa Dodoma unabeba kila kitu kuelekea Singida, na hapo sabufa zinahitajika kwelikweli. Lile friji letu linapakiwa kwenye lori na linastahili nafasi yake. Angalia tu jenereta. Likianza kupumua kwa vipindi, zima amplifaya kwanza, uliza maswali baadaye.

Kiangazi pia mbao ya shingo hukauka na kusinyaa, na ncha za freti zinachomoza pembeni. Ukiona kiganja kina mikwaruzo, ujue. Shingo ikipinda, kuna chuma ndani yake kinachokazwa kwa ufunguo: zungusha robo, subiri hadi kesho, tazama tena. Vumbi linaingia kwenye vitasa vinaanza kukwaruza, kwa hiyo mimi nalifunika langu kwa kitenge cha mke wangu, ambacho bado hajakiulizia. Kwenye nyuzi tuna nafuu. Dar hazimalizi miezi miwili bila kutu, hapa zangu zina mwaka na ushee.

Mwaka huu kamati ilinituma mwenyewe. Nikapanda treni ya mwendokasi asubuhi, jioni nikawa nimerudi Dodoma na gitaa la nyuzi nne mgongoni, DI mfukoni, na kebo mbili nzito nilizozijaribu dukani kwa kuzipinda kila upande. Fedha ilibaki. Mzee alipoliona akazihesabu nyuzi kwa kidole, moja hadi nne, akanyamaza. Jumapili alikaa benchi lake lilelile la tatu. Baada ya ibada nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akasema leo amesikia ule mteremko kabla ya kiitikio, kumbe wimbo ule una mteremko. Halafu akaongeza kwamba kifua lakini hakijatikisika.

Lile jekundu la nyuzi sita lipo stoo ya kwaya, na betri yake nimeitoa. Kama kuna mwenye gitaa la solo lililonyooka shingo na anataka kubadilishana, kamati imeridhia, na mkoba wake tunamwongezea.