Kabla ya kupiga 777, uliza faili ni la nani

"Kaka, picha hazipandi."

Ujumbe uliingia saa tano usiku, kutoka kwa dada anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mzigo mpya umefika, picha ameshapiga, wateja wa mikoani wanasubiri kuchagua. Mimi niko Sinza, umeme ndiyo kwanza umerudi, usingizi umeshanielemea. Nikaingia kwenye seva, nikaandika chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote za kila faili, kwenye folda nzima ya tovuti, nikabonyeza. "Jaribu sasa, dada." Zikapanda. Akaniombea dua, nikalala.

Miezi miwili baadaye tovuti ile ile ikawa inatangaza kamari. Ukiandika anwani yake moja kwa moja unakuta vitenge kama kawaida. Matangazo yalimtokea anayeingia kwa simu akitokea Google, ndiyo maana mwenye duka hakuona kitu mpaka mteja wa Dodoma alipomuuliza, "Dada, siku hizi mnachezesha kamari?" Ndani ya folda ya picha nikakuta faili lenye jina la picha, ila mwisho wake .php, yaani msimbo ambao seva huuendesha. Liliingia kwa upenyo wa programu-jalizi iliyopitwa na wakati, na kwa kuwa milango mingine yote nilishaiacha wazi kwa mkono wangu, likaandika vijistari vyake kwenye mafaili ya mfumo mzima. Kuyasafisha kulinila siku mbili, na kwa aibu sikumtoza hata shilingi.

Mafundi wenzangu wa mjini hapa, ugonjwa huu tunao. Kitu kikigoma, "piga 777". Hesabu yenyewe tunaijua: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, jumla 7, tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya wengine wote waliomo. Tunachoruka ni swali linalotangulia hesabu. Hili faili ni la nani?

Aliyewahi kupanga chumba Manzese ananielewa haraka. Kuna mwenye nyumba, kuna wapangaji, kuna wapita njia. Mpangaji akikosa ufunguo wa bafu, huendi kung'oa geti la uani. Unamchongea ufunguo. Usiku ule kosa lilikuwa dogo mno: nilihamishia tovuti kwenye seva mpya nikiwa nimeingia kama root, mtumiaji mkuu wa seva, kwa hiyo kila kitu kikawa mali ya root. Kwenye Ubuntu, programu ya wavuti kwa kawaida hufanya kazi kwa jina la www-data, na www-data akawa mpita njia nyumbani kwake. Dawa ilikuwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, mstari mmoja, kwenye uploads, ile folda ya picha, peke yake.

Halafu kuna hili, ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili lenyewe, kunategemea ruhusa za folda iliyolibeba. Unaweza kulifunga wp-config.php, faili la mipangilio la WordPress, mfumo unaoendesha tovuti ile, kwa 444 ukajiona mjanja. Folda yake ikiwa 777, mtu analifuta na kuweka la kwake kwa jina lile lile. Na wale wanaoniambia "liondolee x, halitaendeshwa", PHP haina shida na x, ile ruhusa ya kuendesha. Inachotaka ni kulisoma tu. Faili la 644 ndani ya uploads linafanya kazi vizuri kabisa mtu akiliita kwenye kivinjari. Ndiyo maana kwenye folda ya picha naikataza Nginx yenyewe, programu ya wavuti inayopokea maombi, isipokee ombi linaloishia na .php. Chmod hapo haina la kusema.

Siku hizi mafaili ya mfumo ni ya mtumiaji wangu: folda 755, mafaili 644. Lile la wp-config.php, lenye paswedi ya hifadhidata, lina 640 na kikundi chake ni www-data. www-data anaandika kwenye uploads, basi. Gharama yake ni kwamba WordPress haiwezi tena kujisasisha. Ukibonyeza inakuomba taarifa za FTP, njia ya kuhamishia mafaili, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye 777 yao. Mimi nimekubali usumbufu. Jumapili asubuhi, na chai yangu pembeni, naingia kusasisha kwa wp-cli, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri. Wapo wanaosema mfumo uliochelewa kusasishwa ni hatari kuliko folda iliyolegea, na siwapingi sana: kama Jumapili yako huiamini, bora uuache ujisasishe.

Nisisahau bakapu, nakala za akiba. Nimekuta zaidi ya mara moja zip yenye jina la duka imelala kwenye folda ya wazi ya tovuti. Ruhusa zake safi kabisa, 644, na hizo zinatosha dunia nzima kuipakua, kwa sababu seva huisoma kwa niaba ya yeyote anayeomba. Ndani yake kuna majina ya wateja, namba za simu, na mtaa wa kupelekewa mzigo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, huo si uzembe wa fundi unaoishia kwa fundi.

Baada ya usafi ule nilidhani nimemaliza. Tarehe mosi, saa mbili asubuhi: "Kaka, picha hazipandi tena." Safari hii nikaanza na ls -l, amri inayoonyesha faili ni la nani. Kumbe nilimkabidhi www-data folda ya mwezi uliopita tu, na WordPress kila mwezi hufungua folda mpya ndani ya ile ya mwaka, ambayo bado ilikuwa ya kwangu. Nikamwomba dada dakika tano.

"Dakika tano? Mbona siku ile ilikuwa sekunde?"

Nikamwambia ndiyo, siku ile ilikuwa sekunde.