Kabla ya Kutudai Ada, Tuulizeni Tulipiga Nyimbo Gani

Jumamosi usiku, wiki mbili zilizopita, maafisa wanne waliingia katika baa ya dada yangu hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, wakaitisha leseni ya muziki ya mwaka huu, ile ambayo mwenye baa huilipia ada ili wenye nyimbo walipwe. Walipoonyeshwa ile ya mwaka jana, wakang'oa spika mbili, mashine ya kuchanganyia muziki na kompyuta ya dijei, wakapakia kila kitu garini na kuondoka. Wimbo uliokuwa ukipigwa nyaya zilipochomolewa ni benga, muziki wa magitaa wa Waluo, ya mwaka 1977. Katika meza ya kona, karibu na mlango wa jikoni, alikuwa ameketi jaduong' mmoja, yaani mzee kwa Kijaluo, ambaye huja kwetu kila mwisho wa wiki, na gitaa la pili linalosikika katika rekodi ile ni lake. Alirekodi akiwa mpiga gitaa wa kukodiwa, akalipwa jioni ile ile, na tangu siku hiyo hajaona senti nyingine kutokana na wimbo huo. Ukumbi uliponyamaza aliniuliza, "Mwanangu, hawa wamekuja kuchukua pesa za nani?" Nilishindwa kumjibu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba dada yangu alikuwa na kosa. Leseni hulipiwa kila mwaka naye alikuwa amechelewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haimruhusu mwenye baa kuwachezea wateja muziki wa watu wengine bila idhini, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinaitaka Serikali iilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Wale wenye baa wanaosema kwamba waliununua wimbo na kwa hiyo ni wao, wamekosea: walinunua ruhusa ya kuusikiliza nyumbani, hawakununua ruhusa ya kuujazia ukumbi wateja. Kazi ya mtu ikikuletea wateja, mlipe mtu huyo. Mimi ndiye ninayemwandikia dada yangu hesabu, ninajua kibali cha kaunti na leseni ya pombe zinatugharimu kiasi gani, na bado nasema kwamba ada ya muziki ni halali.

Ninachokipinga ni jinsi inavyokusanywa, kana kwamba muziki ni ushuru wa sakafu. Katika miaka yote ambayo nimepokea maafisa wa ada hiyo, nimeulizwa ukubwa wa ukumbi, nimeulizwa kama tuna dijei au redio tu, na nimeulizwa tunafunga saa ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza tulipiga nyimbo za nani. Pesa ikitoka Kondele bila jina la mwanamuziki yeyote, atakayeigawa huko mbele atakisia tu, na makisio hayo yatamwendea yule ambaye jina lake tayari linajulikana Nairobi, si mpiga orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja, wa Ahero ambaye wimbo wake ndio ulioijaza baa yetu hadi alfajiri.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba orodha ya nyimbo ilikuwamo ndani ya kompyuta waliyoibeba. Madijei wa siku hizi hawashiki tena santuri. Wanatumia programu kama Serato na VirtualDJ, na programu hizo huhifadhi zenyewe kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa na saa uliopigwa. Dijei wetu, kijana mtaratibu sana, hajawahi kuifuta kumbukumbu hiyo. Ilikuwa na miezi minane ya usiku wa Kondele, wimbo baada ya wimbo, na mtu yeyote angeweza kuinakili kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha chai. Ushahidi wote wa nani anastahili kulipwa ulichukuliwa kama dhamana ya deni, ukawekwa katika stoo, na tulipolipa ukarudishwa pamoja na spika bila kufunguliwa.

Kuna watakaosema kwamba kumbukumbu hizo hazifai, kwa sababu nyimbo nyingi za ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, hupitishwa kwa kadi za kumbukumbu kutoka mkono hadi mkono, zikiwa na majina kama "Wimbo 07" au jina la mtu aliyezinakili. Ni kweli, nami nimeyaona majina hayo. Hata hivyo, kila rekodi inaweza kupewa msimbo wa ISRC, wenye herufi na tarakimu 12, unaoitambulisha popote inapochezwa, na kwa zile za zamani zisizo na msimbo, hapa Kisumu wako watu wanaoweza kusikia mapigo manne ya gitaa la kwanza wakakutajia bendi, mtunzi na studio. Waajirini watu hao. Ofisi yenye uwezo wa kutuma maafisa wanne na gari usiku wa Jumamosi ina uwezo wa kumlipa mtu mmoja anayeujua muziki huu akae na orodha hizo mchana wa Jumatatu.

Mwaka 2019 tulisikia kwamba wanachama wa MCSK, chama cha kuwakusanyia watunzi ada zao, walilipwa mirabaha ya shilingi 2,500 na kidogo kila mmoja, kiwango kile kile kwa wote. Watu wengi walilalamikia udogo wa fedha hizo. Mimi nilisikitishwa na ule usawa. Haiwezekani nyimbo za maelfu ya watunzi zikawa zimepigwa mara sawa katika nchi nzima, na malipo ya namna hiyo yanawezekana tu pale ambapo hakuna aliyehesabu. Vyama vya namna hiyo vinatakiwa kugawa asilimia 70 ya makusanyo kwa wenye haki na kutumia isiyozidi 30 kwa gharama zao, na sharti hilo ni jema, lakini asilimia 70 ya fedha zisizo na majina haimfikii jaduong' wetu hata ikitimizwa hadi senti ya mwisho.

Ongezeni kwamba mwenye baa hana hata hakika ya anayepaswa kumlipa. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki iliipa MPAKE, chama cha wachapishaji wa muziki, leseni ya kukusanya ada ambayo MCSK ilikuwa ikiitarajia, na mwaka 2021 ikafuta leseni za MCSK, KAMP ya watayarishaji wa rekodi na PRISK ya wapigaji na waimbaji kwa pamoja. Sheria inasema pia kwamba hakuna chama kinachoruhusiwa kutoza kiwango ambacho Waziri hajakiidhinisha na kukichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali; mwenye baa asione haya kuomba kuonyeshwa ukurasa huo.

Nalisisitiza jambo la hesabu kwa sababu muda unawaishia wazee. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hivi kwamba familia ya D. O. Misiani, mwanamuziki mashuhuri wa benga aliyefariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, ina haki juu ya tungo zake hadi mwisho wa 2056. Haki ya mpigaji haifuati uhai wake. Huhesabiwa miaka 50 kuanzia mwaka aliopiga. Gitaa la mwaka 1977 linafikia kikomo mwisho wa 2027. Mzee aliyeketi katika meza ya kona anaweza kuwa hai, mwenye afya, akiusikia wimbo wake ukichezwa kila Jumamosi, huku haki yake katika wimbo huo imekwisha kabla hajalipwa chochote zaidi ya ujira wa jioni ile. Kila mwaka unaopita bila orodha ni mwaka anaonyang'anywa, na hautarudi.

Jumapili alasiri huwa tunaleta bendi ya ohangla inayopiga tungo zake yenyewe. Kiongozi wao sasa ananiandikia majina ya nyimbo katika ukurasa mmoja wa daftari kabla hawajafunga vyombo, na haimchukui dakika kumi. Dijei naye ananichapishia kumbukumbu yake kila Jumatatu asubuhi. Wiki iliyopita jaduong' alivaa miwani yake, akaupitisha wino mwekundu taratibu katika kurasa tatu, akazungushia nyimbo mbili alizopiga, na pembeni akaandika majina ya wenzake watatu waliokuwa naye studio siku hiyo. Karatasi hizo ziko katika faili la leseni, juu ya risiti. Maafisa watakapokuja tena, nitawapa hizo kwanza, nao watie sahihi kwamba wamezipokea, ndipo niwahesabie pesa.