Simu moja, watoto watatu

Nimesoma makala inayosifu masomo ya mtandaoni, lakini suala la bando hailigusi kabisa. Huku Mbagala, Dar es Salaam, nyumba nyingi zina simu janja moja tu, nayo mama anashinda nayo sokoni. Akirudi usiku chaji imekwisha, watoto watatu wanaigombania, anapewa wa kidato cha nne. Mdogo analala bila kufanya kazi aliyotumiwa na mwalimu kwenye WhatsApp. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa korona tuliyaona haya haya. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, jambo zuri mno, ila kuvipakua kunakula bando. Jamani, viwekwe kwenye kompyuta za shule, na chumba kiwe wazi hadi jioni! Kuna shule chumba kipo, kimepigwa kufuli.