Tisa Imeipita Mia

Kidato cha Pili, mtihani wa kufunga muhula, somo la Hesabu. Wa kwanza: alama 9, daraja A. Wa mwisho: alama 100, daraja F. Mkeka wa matokeo ulibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya walimu, una mhuri wa shule na sahihi ya mkuu, hauna hata chembe ya aibu.

Mimi ndiye niliyeutoa. Nafundisha Historia kwenye shule moja huku juu Kibosho, mahali ambapo Hiace ya kutoka Moshi mjini inakushusha halafu unamalizia mlima kwa miguu. Kazi hiyo nilibebeshwa kwa sababu moja tu: nina laptopu. Ofisini kwetu mwenye laptopu ndiye fundi wa printa, fundi wa projekta na mpiga picha wa mahafali. Mwalimu wa taaluma alikuwa amechoka kupanga madaraja kwa peni na kikokotoo hadi usiku, akanijia na bahasha ya alama.

"Mwalimu, si unajifunza zile programu? Hebu tutolee matokeo kisasa."

Kweli nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, jioni baada ya vipindi. Nilidhani jina lake ni la chatu. Kumbe yule Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, Guido van Rossum, alilichukua kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Ningejua mapema ningekaa nayo kwa tahadhari.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Madaraja yetu yanajulikana: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Unaandika jina, unaandika alama, programu inalinganisha, inatoa herufi, kisha inawapanga kuanzia wa juu. Nikaandika mistari yangu, nikabonyeza, ikanirudishia maandishi mekundu: haiwezi kulinganisha str na int. Sasa huyo str ni nani, int ni nani, na wamekuja kugombania nini kwenye laptopu yangu? Nikakagua, nikaona 75 yangu imesimama uchi wakati maneno mengine yote kwenye programu yamevaa alama za nukuu. Nikaivalisha. Nikavalisha na 65, na 45, na 30. Nikabonyeza tena. Ugomvi ukaisha, matokeo yakatoka.

Nikaijaribu kwa alama za darasa langu la Historia. 62, C. 81, A. 28, F. Safi kabisa. Ila niseme ukweli, darasa langu halina mtu wa 100 wala mtu wa 9. Kwangu watu wote wanaishi katikati.

Hesabu ni nchi nyingine. Huko yupo binti asiyekosa swali, na yupo kijana ambaye wenzake wanamwita Dirisha, kwa kuwa ndiko anakotazama kipindi kizima. Mwalimu wao angeshtuka mara moja, lakini alikuwa msibani Rombo. Mwalimu wa taaluma akahakikisha majina yametimia, mkuu akagonga mhuri, karani akawatumia wazazi ujumbe wa simu. Ujumbe ulitaja nafasi na daraja tu. Alama tuliziacha ili kubana matumizi.

Asubuhi yake, wanafunzi wakiwa mstarini, mzee mmoja akaingia getini akikokota beberu kwa kamba. Nyuma yake Dirisha amebeba dumu la mbege, uso wake wa mtu anayejua jambo ila hajaulizwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba mwalimu! Aisee, nimeambiwa ni wewe na mashine yako. Miaka yote naambiwa huyu mtoto hana kitu kichwani. Kumbe walimu ndio walikuwa hawajui kupima!"

Kabla hajaniachia mkono, akafika mama wa yule binti. Anauza mitumba Kiborloni, na bei ya belo zima anakupigia kichwani huku anakunja suruali.

"Habari za asubuhi, mwalimu." Hakungoja jibu. "Mwanangu ameandikiwa F, wa mwisho. Nimesimama pale ubaoni, nimeona mia. Nieleze taratibu, mimi ni mtu wa sokoni: hapa shuleni kwenu mia ina upungufu gani?"

Mzee akageuka. "Mia? Kwani wangu ana ngapi?"

Dirisha akatafuta dirisha.

Mkuu akatuingiza wote ofisini kwake, nikafungua laptopu. Nikaweka 9 na 88, programu ikasema 9 ni kubwa. Nikaweka 9 na 100, ikasema 9.

"Iulize tena," mkuu akasema, kana kwamba inaona haya.

Aliyetuokoa ni kijana wa chuo aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, ambaye mpaka hapo alikuwa anakunywa chai yake kwenye kona. Akasema unachoandika kwa kibodi Python inakipokea kama maandishi, ndiyo hiyo str, hata kiwe tarakimu tupu, mpaka ukigeuze mwenyewe kiwe namba, ndiyo int. Na maandishi hupangwa kama maneno kwenye kamusi, herufi ya kwanza kwa ya kwanza. 9 imekutana na 1 ya mia, imeshinda, basi. Sifuri mbili za nyuma hazikuulizwa kitu. Ndiyo maana wote wenye tarakimu mbili walikaa sawa. Angekuwepo wa 7 angepewa B, na wa 5 angepata C yake bila jasho. Zile nukuu nilizoivalisha 75 ndizo zilizoifunga mashine mdomo.

Akazivua, akaizungushia input, ile amri inayopokea unachoandika, neno int na mabano yake, akabonyeza. Mia ikapanda juu, tisa ikashuka hadi chini ikakutana na F. Mama wa Kiborloni akadai nakala yenye mhuri, akaikunja akaitia kwenye pochi, akaondoka kuwahi wateja.

Tukabaki na mbuzi. Hakuna aliyejua utaratibu wa kurudisha mbuzi wa shukrani. Mkuu akakohoa.

"Mzee wangu, tunaomba radhi sana. Sasa huyu mnyama..."

Mzee hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevuta kiti hadi kwenye laptopu.

"Mwalimu, ile ya kwanza umeshaifuta?"

"Bado, mzee."

"Usiifute. Kikoba wananidai laki moja, na hapa mfukoni nina elfu tisa."