Autechre ni Muziki wa Kucheza

Nimechoka kusikia kwamba Autechre, kundi la muziki wa elektroniki kutoka Uingereza, ni muziki wa kukaa kitini na kutafakari. Kauli hiyo hutoka mara nyingi kwa mashabiki wao wenyewe, watu wenye spika za bei ghali sebuleni, na hapa Nairobi imekubalika kiasi kwamba dijei akithubutu kuupiga muziki huo katika klabu ya Westlands, huupiga mapema jioni watu wakiwa bado wanaagiza chakula, kisha hulalamika kwamba hakuna aliyeinuka. Msimamo wangu ni kwamba Waingereza hawa wawili ni watengenezaji wa muziki wa dansi, na kwamba wanapaswa kupimwa kwa kipimo hicho, wao pamoja na watayarishaji wengine ambao ningependa wasikilizwe zaidi mjini humu.

Rob Brown na Sean Booth walifahamiana mwaka 1987 katika eneo la Manchester, wakiwa vijana wa kuchora grafiti waliopenda hip hop na elektro, yaani muziki wa mashine za ngoma uliowafanya vijana wa Marekani wajibwage sakafuni na kuzunguka kwa mgongo. Albamu yao ya kwanza, Incunabula, ilitolewa na lebo ya Warp mwaka 1993. Tangu hapo wamezidi kuwa wagumu kufuatwa, hasa baada ya kuanza kujiundia programu zao wenyewe za kompyuta, na mwaka 2018 walitoa NTS Sessions, kazi inayochukua saa 8 nzima kuisikiliza. Wakitumbuiza, huagiza taa zote zizimwe. Wapo wanaolichukulia giza hilo kama dalili ya muziki wa ndani ya kichwa. Mimi naona kwamba asiyetazamwa hucheza bila haya, na kwa hiyo giza hilo linawafaa wachezaji kuliko wanafalsafa.

Ushahidi wangu mkubwa ni santuri ya Anti, ya mwaka 1994. Miaka miwili kabla yake, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika uwanda wa Castlemorton nchini Uingereza na kucheza kwa siku kadhaa mfululizo, jambo lililoikera serikali hadi ikaandaa sheria ya kuwapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi mahali pa wazi. Ili kuutambua muziki uliolengwa, sheria hiyo ilitaja sauti ambazo sifa yake kuu ni mfuatano wa mapigo yanayojirudia. Hebu tulitazame hilo kwa makini. Kanuni zetu za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele hupima desibeli: zinauliza sauti ni kubwa kiasi gani, wala hazijali kama ni mahubiri, rhumba au matatu ya Rongai. Wabunge wa Uingereza waliingia ndani ya wimbo wenyewe na kuanza kuhesabu mapigo.

Autechre walijibu kwa hesabu vilevile. Katika santuri hiyo waliweka nyimbo tatu, na juu ya kifungashio wakabandika onyo kwamba mbili kati yake zina mapigo yanayojirudia na hazifai kupigwa iwapo muswada ungepita. Wimbo wa tatu, Flutter, waliupanga kwa namna ambayo hakuna mafungu mawili ya mapigo yanayofanana, na kwa hiyo, walisema, ungeweza kupigwa bila kuvunja sheria; hata hivyo waliwashauri madijei wawe na wakili na mtaalamu wa muziki kando yao muda wote, endapo polisi wangefika. Ni kejeli tamu, lakini mzaha wenyewe haungekuwa na maana kama wimbo usingechezeka. Unachezeka. Juu kuna kinanda kinachokwenda polepole, karibu kwa huzuni, na chini yake ngoma zinahamahama: pigo ulilolisikia sasa hivi linasogea kidogo, jingine linajigawa mara mbili, jingine linanyamaza pale mguu ulipolitarajia. Baada ya dakika moja mguu unaacha kutarajia na kuanza kufuata, na mabega yanajipangia shughuli yao.

Watayarishaji ninaowapendekeza ni wale wanaojua kuuchokoza mguu kwa namna hiyo. Jlin wa Gary, Indiana, alitengeneza albamu ya Dark Energy ya mwaka 2015 akiwa bado anafanya kazi katika kiwanda cha chuma. Msingi wake ni footwork, muziki wa mashindano ya kucheza uliozaliwa Chicago, wenye kasi ya mapigo kama 160 kwa dakika. Ila yeye ameuondolea karibu kila kitu kilichozoeleka na kuacha ngoma zinazozozana. Anayetaka kuuelewa mzizi huo kwanza aanze na Double Cup ya DJ Rashad, ya mwaka 2013, ambayo ni laini zaidi na pengine ndiyo ya kumpigia rafiki asiye na subira.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, lakini. Singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika bila kutoa jasho, na ilikulia katika sherehe za uswahilini, ambako hakuna aliyewahi kuuliza kama ni muziki wa kufikiri. Sisso na Maiko, wawili wengine, walitoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, na ndani yake vinanda vinapigana vikumbo kwa kasi ambayo Autechre wenyewe wangeisikiliza kwa heshima. DJ Travella, katika Mr Mixondo ya mwaka 2022, huukatakata mdundo hadi unaonekana kuchanika, kisha huuunganisha kabla hujapata nafasi ya kuguna.

Nairobi ndiyo iliyomtoa Slikback, ambaye Lasakaneku yake ilitolewa mwaka 2018 na Hakuna Kulala, lebo ya Kampala. Besi yake huingia kwa mshindo, hukatika ghafla, na nafasi inayobaki ndiyo inayokulazimisha kusogea. Inanikera kwamba amesikika Ulaya na Asia huku madijei wengi wa mji huu wakiendelea kutupigia nyimbo zilezile za Ijumaa iliyopita. Kisingizio chao ni kwamba watu hawatacheza. Basi wampige usiku wa manane, baada ya singeli, sauti ikiwa imefunguliwa vya kutosha, na wafuatishe Flutter bila kutangaza ni ya nani.